Kamisheni ya mtandao inanimaliza: nifunge akaunti au nivumilie?

*"Assalaam alaykum dada. Nina nyumba ya wageni Jambiani, Zanzibar, vyumba 6, aliyoianzisha marehemu mama mwaka 1998. Zamani wageni walikuja wenyewe kwa daladala au waliletwa na papasi, wale madalali wa kuwapokea wageni bandarini. Tangu 2016 tuko kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kuweka nafasi, na miaka ya mwanzo ilikuwa neema tupu. Sasa chumba nimekiandika dola 60 lakini mkononi hata 40 sipati. Kamisheni ilikuwa asilimia 15, nikakubali iwe 18 ili nionekane juu. Nimewasha na mapunguzo yao, la wanachama asilimia 10 na la wanaotumia simu asilimia 10. Bado nimeshushwa hadi ukurasa wa tatu. Nikitafuta jina la nyumba yangu Google, wa kwanza kutokea ni wao, si mimi. Mwanangu anasema tufunge akaunti, tutengeneze tovuti yetu na tutegemee Instagram. Shemeji anasema nikifunga nitalala njaa. Mwenzangu wa Paje ananiambia nisubiri tu, makampuni ya intaneti huvimba na kupasuka kama yalivyopasuka mengine. Mama alikuwa na daftari la wageni, lipo kabatini hadi leo. Mimi wageni wangu hata majina yao sawasawa siyajui. Nifanye nini?"*

Wa alaykum salaam kaka yangu, na Mungu amrehemu mama.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimuona mtu aliyechoshwa na kamisheni, na wanaoniuliza hivyo ni wengi, kutoka Nungwi hadi Makunduchi. Mara ya pili nikasimama kwenye ile sentensi yako ya mwisho, kuhusu majina. Nitaifikia. Kwanza tuchukue kalamu, maana hasira zako nadhani umezielekeza pasipo.

Chumba ni dola 60. Mgeni ni mwanachama wao, anapata asilimia 10, zinabaki 54. Ameweka nafasi kwa simu, anapata asilimia 10 nyengine, nayo inakatwa kwenye 54, zinabaki 48 na senti 60. Hapo ndipo kamisheni inapoingia: asilimia 18 ya 48.60 ni dola 8 na senti 75. Kwako inafika 39.85. Ndiyo hiyo "hata 40 sipati" uliyoiandika.

Sasa tazama nani kala nini. Zimeondoka dola 20 na senti 15. Mtandao umechukua 8.75. Zile 11.40 umemzawadia mgeni wewe mwenyewe, kwa kubonyeza "nakubali" mara mbili, pengine usiku, umechoka, baada ya kuona ujumbe kwamba nyumba zilizo jirani yako zinapata bukingi zaidi. Sikulaumu, ujumbe ule umeandikwa na watu wanaolipwa vizuri kuuandika. Lakini ukiniambia "kamisheni inanimaliza", kalamu inasema kinachokumaliza zaidi ni punguzo juu ya punguzo.

Punguzo lenyewe si baya. Mwezi wa Mei, masika yamepamba moto, barabara ya kuingia kijijini ina madimbwi na vyumba vyako vitano havina mtu, 39.85 ni bora kuliko sifuri, madhali inazidi gharama ya chai ya asubuhi, umeme, maji na kufua mashuka. Piga hesabu ya gharama hizo kwa bei za dukani kwako, usichukue ya mtu. Lakini Agosti? Kusi inavuma, Paje imejaa watu wa tiara za baharini, wale wanaovutwa na upepo juu ya maji, hakuna kitanda kuanzia Bwejuu mpaka kwako. Mgeni wa Agosti angelipa 60 bila kuguna. Fungua akaunti yako uangalie kama Agosti iliyopita yale mapunguzo uliyazima. Naweza kula yamini kwamba hukuyazima, kwa sababu karibu kila mtu ninayemfungulia akaunti yake nayakuta yamewashwa mwaka mzima, kama taa ya uani iliyosahauliwa.

Hayo ndiyo ya haraka. Unaweza kuyarekebisha leo usiku.

La pili ni hili la "nimeshushwa". Hakuna mtu aliyekaa ofisini Ulaya akakuonea choyo. Orodha hupangwa na kompyuta, na kompyuta inajiuliza jambo moja: nikimuonesha mgeni huyu nyumba ipi, nitapata pesa? Mtandao hupata pesa mgeni akilala, si akitazama. Kwa hiyo inapima wangapi wanaoifungua nyumba yako huishia kuweka nafasi, wangapi huvunja, picha zikoje, maoni ya wageni yanasemaje, bei yako ikilinganishwa na jirani, kalenda yako ina tarehe wazi ngapi, na kamisheni unayotoa. Ulipopandisha kamisheni kutoka 15 hadi 18 ulipanda, sina shaka. Kisha jirani naye akapandisha, na yule wa ng'ambo ya barabara, na wote mkarudi mlipokuwa, isipokuwa sasa kila mmoja ana asilimia 3 pungufu.

Halafu kuna jambo ambalo kosa si lako wala lao. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Idadi imepanda, na nyumba zimepanda pamoja nayo. Mama alipofungua milango mwaka 1998, ukurasa wa tatu usingepatikana hata kwa kuutafuta, maana nyumba za Jambiani zingetosha nusu ukurasa.

Sasa nikueleze mashine yenyewe, kwa sababu bila kuielewa utaendelea kumsikiliza mwanao leo na shemeji yako kesho.

Unawakumbuka papasi wa bandarini Malindi, pale Mjini Unguja. Papasi hakuwa na nyumba wala kitanda. Alichokuwa nacho ni pale mgeni anaposhuka kwenye boti, begi mgongoni, hajui aende wapi. Yule aliyemiliki dakika ile ya swali ndiye aliyekula. Usipompa chake, nyumba yako "imejaa" au "imefungwa tangu mwaka juzi". Tulimchukia na tulimhitaji. Makampuni haya ya kuweka nafasi yameichukua dakika ile ile, ila yameihamisha kutoka bandarini hadi kwenye simu ya mtu aliyelala kitandani kwake Munich, miezi mitatu kabla ya safari.

Booking.com ilianza Uholanzi mwaka 1996, kazi ya kijana mmoja wa Kiholanzi. Mwaka huo huo Expedia ilizaliwa ndani ya Microsoft. Airbnb ilikuja baadaye, San Francisco, 2008, baada ya vijana kukodisha magodoro ya kujaza upepo sebuleni kwao wakati hoteli za mji zimejaa kwa sababu ya mkutano. Wote walikumbana na tatizo moja mwanzoni: mgeni haji penye nyumba chache, na mwenye nyumba haji pasipo na wageni. Ndiyo maana miaka ya mwanzo walikubembeleza. Walikuhitaji. Nyumba zikawa nyingi, wageni wakaja. Wageni wakaja, nyumba zikazidi. Lilipofika pahala ambapo mgeni hatafuti tena kwengine, mizani iligeuka, na sasa wewe ndiye unayebembeleza. Ile neema yako ya mwanzo haikuwa ukarimu wao, na ukali wa sasa si roho mbaya. Ni mashine ile ile, mwanzoni na baada ya kukomaa.

Tofauti na papasi ipo, na ni kubwa. Papasi aligombea bandari na wenzake thelathini, na mama yake ulikuwa unamjua.

Sasa Google. Uliudhika, na haki yako, kuona jina la nyumba ya mama likiwapeleka watu kwa mwengine. Lakini kile kilicho juu kabisa ni tangazo. Google ilianza kuuza matangazo ya utafutaji mwaka 2000, na tangu 2002 inayauza kwa mnada: kila anayetafuta neno anaendesha mnada bila kujua. Ni kama mnada wa samaki Malindi, ila unaisha kabla hujapepesa jicho, na mnadi hatazami bei peke yake, anatazama pia kama tangazo linaendana na kilichotafutwa. Jina la nyumba yako ni neno kama maneno mengine. Mwenye fedha analinunua.

Na fedha wanazo, ila nazo hazikai kwao. Kampuni mama ya Booking.com, Booking Holdings, mwaka 2023 ilipata mapato ya takriban dola bilioni 21.4, na matangazo na utafutaji wa wateja vilikula takriban bilioni 6.8. Karibu theluthi. Ukiuchukua wastani huo, katika dola 8.75 ya kamisheni kama ile yako, kama dola 2 na senti 78 zinaendelea na safari kwenda kwa Google na wenzake. Mgeni aliyekuwa anakutafuta wewe, kwa jina, amekugharimu nauli ya kumpeleka kwa dalali ili dalali amrudishe kwako. Hili ndilo linaloniuma mimi kuliko asilimia 18, na habari njema ni kwamba hili ndilo unaloweza kulitibu kwa urahisi zaidi.

Mwenzako wa Paje ana ukweli nusu. Ni kweli makampuni ya intaneti yaliwahi kupasuka. Soko la hisa la NASDAQ lilifika kilele Machi 2000, na mpaka Oktoba 2002 lilikuwa limepoteza karibu asilimia 80. Pets.com, waliouza chakula cha mbwa na paka, walifunga Novemba 2000. Webvan, waliowapelekea watu mboga na vyakula majumbani, walifilisika 2001. Lakini Amazon, ambayo hisa zake ziliporomoka kwa zaidi ya asilimia 90, haikufa. Mwaka 2003 ikapata faida yake ya kwanza ya mwaka mzima. Na Priceline, kampuni ya Marekani iliyouza tiketi na vyumba, hisa yake ilianguka mpaka kwenye kiasi cha dola moja na kitu. Watu waliiombolezea. Mwaka 2005 kampuni ile ile ndiyo iliyoinunua Booking ya Amsterdam kwa takriban dola milioni 133, na ndiyo leo inayoitwa Booking Holdings. Kwa hiyo aliyekaa mwaka 2001 akisubiri zife zote, angekuwa anasubiri mpaka leo.

Karibu zaidi na kwetu, Jumia. Ilianzishwa 2012, Aprili 2019 ikaingia soko la hisa la New York kwa vifijo, na Novemba mwaka huo huo ikafunga shughuli zake Tanzania. Ilipoondoka, wanunuzi hawakurudi Kariakoo kwa miguu. Walihamia Instagram na WhatsApp. Muuzaji aliyekuwa na namba za wateja wake aliwafuata huko. Asiyekuwa nazo alianza upya. Kinachopasuka ni hisa na kampuni. Tabia ya mteja haipasuki. Hata kesho mtandao wako ukifilisika, yule bibi wa Munich hatashuka Malindi na begi kumtafuta papasi. Atauliza simu yake, na simu itakuwa na bwana mwengine.

Mwanao naye ana nusu yake. Amesema jambo la maana: msiwe na mlango mmoja. Lakini Instagram si kwenu pia. Facebook iliinunua mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, na wao ndio wanaoamua picha yako imfikie nani. Wafuasi elfu tano wanaopenda picha za bahari wengi hawana tiketi ya ndege. Ninavyoiona mimi, ukurasa wa Instagram ni dirisha la duka: mtu akishalisikia jina lako kwengine, anachungulia kuhakikisha nyumba ipo kweli, ina watu, shuka ni safi. Picha mbili kwa wiki zinatosha. Na tovuti haileti wageni. Tovuti inawapokea waliokwishakuamua kukutafuta. Asije mtu akakutoza milioni tatu ya tovuti akakuahidi watalii. Ukurasa mmoja wenye jina, picha nane za kweli, bei, ramani na namba ya WhatsApp unatosha kwa vyumba 6.

Shemeji naye hakukosea: ukifunga akaunti leo, msimu huu utalala njaa.

Basi ushauri wangu ni huu, na ndio ambao ningempa ndugu yangu wa damu. Baki. Lakini acha kuwa mpangaji wao.

Anza na wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaotokea na ramani pembeni mtu akitafuta jina. Ni bure. Unathibitisha kwamba wewe ndiye mwenye nyumba, unaweka namba, picha, tovuti, na unajibu maoni. Tangu 2021 Google inaonesha pia viungo vya bure vya kuweka nafasi, ingawa hivyo vinahitaji programu ya kalenda iliyounganishwa nao, na kwa sasa si lazima. Anayelitafuta jina lako tayari ni wako nusu, na kumuachia mtu mwengine ampokee ni hasara ya bure.

Zima mapunguzo yote mawili kwa miezi yako ya juu: Juni katikati hadi Oktoba, kisha Disemba hadi Februari. Yarejeshe masika. Kamisheni irudishe 15 kama mkataba unaruhusu, uangalie miezi miwili. Utashuka kidogo. Usitie hofu siku ya tatu ukairudisha 18.

Vyumba viwili kati ya sita, katika miezi ya juu, usiviweke mtandaoni mpaka zibaki wiki tatu. Hivyo ni vya wageni wako wa moja kwa moja. Visipopata mtu, vifungue. Hapa kuna hatari moja niijuayo kwa ngozi yangu. Nilipokuwa mapokezi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, nilipokea bukingi kwa simu, nikaiandika kwenye karatasi, nikasahau kufunga tarehe kwenye kompyuta. Chumba namba 4 kiliuzwa mara mbili. Saa nne usiku, mvua ya Aprili, mke na mume wazee wamesimama mlangoni, maji yanawachuruzika, na karatasi yao imechapishwa vizuri kabisa. Niliwapeleka kwa miguu nyumba ya jirani nikiwa nimebeba sanduku kichwani, na tofauti ya bei nililipa mimi. Kwa hiyo kalenda iwe moja tu, na mtu anayeishika awe mmoja tu, na tarehe ifungwe kabla ya kumjibu mgeni "karibu", si baada yake.

Sasa yale majina. Umesema huwajui wageni wako sawasawa. Unajua kwa nini? Ile anwani ya barua pepe unayoiona kwenye bukingi kwa kawaida si ya mgeni. Ni ya muda, imetengenezwa na mtandao, ujumbe unapita kwao kwanza. Akishaondoka, anwani ile haina maana. Mgeni amelala kwako siku saba, amekula chapati za mkeo, mtoto wake amefundishwa kuogelea na mwanao, na aliyebaki na namna ya kumpata ni mtu ambaye hajawahi kufika Jambiani. Hicho ndicho unacholipa, kaka, na hakipo kwenye ankara.

Kwa hiyo siku ya kufika, muandikishe kwenye daftari kama alivyofanya mama: jina kamili, simu, barua pepe, na muulize wazi kama anaridhia umuandikie siku za mbele. Wengi watakubali. Siku ya kuondoka mpe kadi yenye namba ya WhatsApp. Akirudi, au akimtuma dada yake, mtoze 52. Toa asilimia 3 hivi ya mashine ya kadi, unabaki na dola 50 na senti 44. Yeye ameokoa 8 kwenye bei yako iliyoandikwa, wewe umepata zaidi ya dola 10 juu ya ile 39.85.

Lakini kuna mpaka, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mgeni aliyekuja kwa mtandao mara ya kwanza, usimwambie avunje bukingi akulipe taslimu. Wapo wanaofanya na wanajisifu barazani. Kwanza ni kinyume cha mkataba, na nyumba huondolewa kabisa kwa hilo. Pili, dalali kakuletea mteja, ujira wake ni haki yake. Safari ya kwanza ni yake. Ya pili ni yako.

Usome pia kifungu cha bei. Mikataba mingi ya mitandao hii imekuwa na sharti kwamba bei unayoitangaza hadharani kwenye tovuti yako isiwe chini ya ile yao. Ulaya sharti hilo limevunjwa. Booking iliwaondolea wenye hoteli wa Umoja wa Ulaya mwaka 2024 kwa sababu ya sheria mpya ya masoko ya kidijitali. Sheria hiyo haifiki Jambiani. Kama mkataba wako una kifungu hicho, acha tovuti yako iseme 60, na ile 52 iwe ya ujumbe wa faragha kwa mgeni anayerudi, kama kifungu kinaruhusu. Au usiguse bei kabisa: mpe gari ya kumpokea uwanja wa ndege, au chakula cha usiku mmoja, pweza wa nazi. Gharama kwako ni ndogo kuliko thamani yake kwa aliyetua saa tisa usiku akiwa na watoto wawili.

Mgeni wa moja kwa moja naye ana kazi, mwanao ajue. Atauliza WhatsApp saa nane za usiku wetu. Atauliza kama bima ya lazima ya safari, ile ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024, inanunuliwa kwako au kwengine, nawe umjibu kwamba ni ya Shirika la Bima la Zanzibar na ainunue mapema mtandaoni. Atataka kulipa malipo ya awali kwa kadi, kwa hiyo nenda benki yako uulize kiungo cha malipo kinafunguliwaje na kinakatwa asilimia ngapi. Usipokuwa na mtu wa kujibu ndani ya saa chache, usijisumbue, mtandao utakushinda kwa hilo tu.

Na kanuni bado ni zao. Machi 2020, korona ilipofunga anga, Airbnb iliwarudishia wageni fedha zao zote hata pale mwenye nyumba alipokuwa ameandika "hairudishwi"; baadaye ikatenga dola milioni 250 kuwafidia wenye nyumba sehemu ya hasara. Unaweza kusema walimfanyia mgeni uungwana. Ninachokuonesha ni nani aliyeshika kalamu siku ile.

Jengine dogo, kwa sababu mwaka huu nimeliona mara tatu: mtu akikupigia au kukuandikia kwamba ni wa mtandao, anataka namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako, usimpe hata akitaja jina lako na namba ya akaunti. Wakishaingia, huwaandikia wageni wako kwa jina la nyumba yako kwamba malipo yamekataa, walipe upya kwenye kiungo fulani. Ukishaona mgeni anauliza "mbona mmenitoza tena?", badilisha nywila dakika hiyo na uwapigie wageni wote wa mwezi ujao mmoja mmoja.

Kuna mambo nisiyoweza kukumalizia kwa maandishi. Kodi ni moja: mtafute mhasibu aliyesajiliwa, mpelekee ankara za mtandao za miezi 12, umuulize swali hili moja, kama kodi na ada zako za Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA) zinahesabiwa kwenye bei aliyolipa mgeni au kwenye kilichokufikia. Jibu hilo linaweza kubadilisha hesabu zangu zote za juu. La pili, kama nyumba bado imesajiliwa kwa jina la marehemu mama, nenda kwa wakala wa usajili wa biashara na mali (BPRA) na Kamisheni ya Utalii kabla ya kufungua kiungo chochote cha malipo, maana benki itauliza mwenye biashara ni nani, na ndugu wa mirathi pia watauliza. Hilo usilifanye peke yako. Kaa kwanza na ndugu zako.

Na ukija Mjini, pitia kwangu uniletee lile daftari. Sihitaji la sasa, nataka la mama. Tangu 1998 lazima ndani yake mna anwani za barua pepe, na wageni waliokuja na watoto ambao leo ni watu wazima wenye safari zao. Tutakaa tuzinakili zile zinazosomeka, tuwaandikie kwamba mama ametangulia mbele ya haki na nyumba ipo, na tuone wangapi watajibu kabla kusi haijaanza.